Imondo na Mshumaa wa Amani

Firigisi ile niliila mimi. Nalisema mapema ili usihangaike kumtafuta mwizi, maana jamaa zangu walihangaika miaka sita, na paka mmoja alifukuzwa nyumbani kwa kosa ambalo hakulitenda.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Malava, nyuma ya soko, na hapo nashona sare za shule, magauni ya harusi yakipatikana, na vitambaa vya altare vya kigango chetu. Kila Novemba ikielekea mwisho, kazi ya shada la Majilio huwa yangu. Sikuiomba. Mwaka mmoja niliona shada la jumuiya yetu limefungwa kwa kamba ya manila utadhani mzigo wa kuni, nami mdomo wangu hauna breki, nikasema niliyoyasema mbele ya mwenyekiti. Mama yule akanitazama kwa upole, akaniambia mwenye mdomo awe na mikono pia. Tangu siku hiyo shada ni langu.

Duara lake ni rimu ya baiskeli ya marehemu baba, ile aliyokuwa akiendea kiwandani enzi miwa ilipokuwa na bei. Niling'oa spoki zote, nikaizungushia matawi ya saiprasi, nikafunga mishumaa minne kwa waya, mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi. Katikati tunaweka mweupe wa kungojea Krismasi. Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimebakiwa na utepe wa satini wa zambarau, wa bibi harusi mmoja aliyebadili rangi dakika za mwisho. Nikaufunga fundo kubwa, ncha zake zikining'inia hadi chini, nikarudi nyuma hatua mbili nikalitazama. Wee, nilijisifu siku hiyo! Hata wateja wawili niliwaita waje waone.

Kanisani lipo shada jingine karibu na altare. Hili letu ni la kutembea. Kila Jumapili ya Majilio, misa ikiisha, jumuiya hulipeleka kwa mzee au mgonjwa asiyeweza kufika kanisani, ili naye awashe mshumaa wa juma hilo kwa mkono wake. Mwaka huo mgonjwa alikuwa mama yangu. Alikuwa ameteleza kwenye tope akimpelekea ndama nyasi, akavunjika nyonga. Alitembea kwa mkongojo, hatua tatu na mapumziko, na daktari alikuwa amenivuta kando akaniambia moyo wake pia umechoka. Mama amevuka themanini. Hakuambiwa, lakini nani atamficha mama yangu kitu? Isipokuwa mimi, na kitu kimoja tu.

Jumapili ya kwanza wanawake wa jumuiya waliingia wakiimba, mimi mbele na rimu yangu. Mama alikuwa kitini, leso mpya kichwani. Akalitazama shada, akautazama ule utepe, akaniuliza kama nimemletea la kaburi kabla hajaitwa. Watu wakacheka. Mimi sikucheka sana, maana nilikuwa nimengojea sifa.

Katekista wetu akaeleza. Ni mtu mtaratibu, na maneno yake ni yale yale kila mwaka, lakini nayapenda kama mtu anavyopenda uji wa nyumbani. Alisema duara halina mwanzo wala mwisho, na ndivyo Mungu alivyo. Mama akauliza kwa sauti ya chini, na umbea wa Malava je, unao mwisho? Katekista akaendelea kana kwamba hakusikia. Majani mabichi ni uhai usionyauka. Zambarau ni rangi ya toba, ya kusafisha nyumba kabla mgeni hajafika. Mshumaa wa kwanza ni Tumaini, wa pili Amani, wa nne Upendo. Ule wa tatu, wa waridi, ni wa Furaha, maana safari imepita nusu na mwanga wa nyumbani unaonekana. Mama akawasha Tumaini bila kutetemeka. Nilifurahi hadi nikasahau ile dhihaka ya kaburi.

Jumapili ya pili tukarudi. Tukaimba, tukasali, kiberiti kikawekwa mikononi mwake. Mama akawasha Tumaini, kisha akakifunga kile kiberiti, akakiweka mapajani.

"Huu wa pili siwashi," akasema. "Siwezi kumdanganya Mungu kwa kiberiti. Nitauwasha siku ndugu yangu atakapokaa pale."

Akaonyesha kiti kilichokuwa karibu na mlango. Mwenyekiti wa jumuiya akajaribu kumsaidia, akataka kuuwasha kwa niaba yake. Mama akaufunika utambi kwa kiganja. Hakukasirika. Alieleza tu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani, kwamba amani ni kitu ambacho mtu anacho au hana, na yeye hana, na hataki kwenda mbele ya Muumba wake akiwa na ugomvi na ndugu yake. Alisema anajua ndugu yake atakuja kumlilia akifa, lakini faida gani? Yeye angependa aliliwe angali anasikia. Watu wakainama. Mimi niliinama kuliko wote.

Sasa nieleze ule ugomvi. Ndugu yake huyo ndiye mama mdogo, wa mwisho kuzaliwa kwao, aliyeolewa Iguhu. Mumewe alikuwa mkata miwa, mpole, mcheshi, mtu wa kupiga mluzi. Krismasi moja, miaka sita kabla ya hayo, walikuja kututembelea, na mama akachinja jogoo. Kwetu kuku akichinjwa kwa ajili ya mgeni wa heshima, firigisi, ambayo sisi huiita imondo, ni yake. Unaweza kumpa mgeni obusuma, yaani ugali, wa jana akakusamehe. Ukimpa ingokho, yaani kuku, isiyo na imondo, umemwambia kwamba nyumbani mwako yeye si mtu. Wanawake wa zamani hawakula kuku kabisa, sembuse imondo. Sheria hiyo naijua tangu nikibebwa mgongoni.

Nilikuwa jikoni tangu alfajiri, moshi machoni, tumboni chai tupu. Nikafunua sufuria kuonja chumvi. Imondo ikapanda juu yenyewe, ikageuka, ikanitazama. Nikasema nitaonja chumvi kwenye ncha yake tu. Nikaonja ncha. Kisha nikaona imebaki nusu, na nani ampelekee mgeni nusu imondo? Hilo lingekuwa tusi kubwa zaidi. Basi kwa heshima ya mgeni nikamaliza na ile nusu. Akili ya mtu mwenye njaa ni wakili hodari.

Bakuli likaenda mezani. Mume wa mama mdogo akageuza vipande kwa kidole, shingo, mgongo, paja, akageuza tena. Kisha akanawa mikono, akasema ameshiba, naye hakuwa ametia kitu kinywani. Mama akaja jikoni mbio, kanga ikiburuzika, akaniuliza imondo iko wapi. Nilikuwa mwanamke mzima, mwenye mume na watoto watatu. Nikamwambia niliitia yote kwenye bakuli, labda paka.

Paka akafukuzwa siku hiyo hiyo. Mama mdogo hakuamini habari za paka, na hata mimi nisingeamini, maana paka gani hufunua sufuria akaifunika tena? Alisema dada yake amemdharau mumewe tangu zamani kwa sababu ya panga lake la miwa, na leo amemwambia wazi. Wakaondoka jua likiwa bado kali. Miaka mitatu baadaye yule bwana akafariki, na mazishini mama mdogo alimpokea mama kwa mkono wa baridi, akampa kiti cha watu wa mbali. Baada ya hapo hata simu zilikatika.

Je, sikutaka kusema? Nilitaka. Nilipanga kusema Pasaka, nikapanga kusema baada ya mavuno, na kila nikichelewa imondo iliongezeka ukubwa. Alipokufa mwenye haki yake ikawa mlima. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na kifo ambacho hata hakikuwapo.

Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Furaha nilikwenda kwa mama na shada, kubadilisha saiprasi iliyoanza kukauka. Nikafunga matawi mapya, nikayanyunyizia maji, nikalisimamisha lote nje kwenye ukuta, kando ya mlango, utepe ukining'inia. Jumuiya ilikuwa imetuma viti ishirini vya plastiki vya kesho yake. Nikavipanga uani kwa mistari, kwa sababu napenda vitu vilivyopangwa. Tokeni za stima pale kwa mama zilikuwa zimekwisha, hivyo simu ya mama nilikuwa nimeiacha kibandani ikichaji. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba tulikokuwa tukichambua maharagwe, mimi na mama, kwenye jua zuri.

Hebu fikiria wewe unapita barabarani ukitoka sokoni. Kwa mzee mgonjwa unaona viti vya mistari, mlango wazi, kimya, na shada la kijani kubwa kama gurudumu lenye utepe wa zambarau. Utafikiri nini? Mwanamke mmoja akapita, akashika kichwa, akaendelea. Kwetu habari kama hiyo mtu haulizi. Unaipeleka kwanza, halafu unarudi na unga.

Saa nane hivi tukasikia kilio kutoka barabarani. Mtu anayejua kulia huanza mbali, ili mji ujiandae. Sauti ikakaribia, ikaingia lango, na mikono yangu ikasimama ndani ya ungo. Niliitambua. Nikataka kuinuka, mama akanishika kanga.

"Kaa," akaninong'oneza. "Niache nisikie."

Mama mdogo alilia vizuri, sitasema uongo mwingine. Alilia akizunguka ua wote. Alilia kwamba dada alimfundisha kusuka, kwamba dada alimbeba mgongoni siku mto ulipofurika, kwamba alipiga simu mara tatu leo, akiwa njiani, ili dada apokee amwambie ni uongo. Kisha akafika kwenye lile shada, na sauti ikapasuka.

"Dada, umeniacha na hasira ya imondo. Nani atanigombeza sasa?"

Mama alikuwa amefumba macho, maharagwe mapajani, na uso wake ulikuwa umelainika kama wa mtu anayekandwa mgongo. Machozi yalimtoka na alikuwa anatabasamu. Hatimaye akanyoosha mkono nimpe mkongojo, tukaenda hatua tatu na mapumziko, hatua tatu na mapumziko, tukatokea kwenye kona ya nyumba. Akauliza kwa adabu kabisa, ni nani aliyekufa?

Mama mdogo alikaa chini bila kuangalia kama kiti kipo. Kwa bahati viti vilikuwa ishirini. Akamtazama mama, akatazama shada, akanitazama mimi. Nilidhani atacheka. Badala yake uso ukakunjamana. Akainuka, akaokota mkoba wake, akaanza kusema kwamba sasa ameelewa, kwamba tumetandika viti na kuweka shada la kaburi ili aje alie tumcheke, kwamba kwanza tulimfanyia ujanja wa imondo na sasa tumemfanyia wa jeneza. Mama akajaribu kueleza Majilio, duara, mishumaa, pumzi ikamwishia njiani. Mama mdogo alikuwa tayari ameupa ua mgongo, anaelekea lango. Nikamtazama mama. Alikuwa ameuegemea mkongojo akitafuta pumzi, naye hakumwita. Nikajua kwamba yule mwanamke akivuka lile lango, atarudi siku ya shada la kweli.

"Mama mdogo, imondo niliila mimi," nikasema.

Akasimama.

"Nilikuwa naonja chumvi. Mama hakujua. Hajui mpaka sasa hivi."

Aliyezungumza kwanza alikuwa mama. Aliuliza swali moja.

"Na paka?"

Nikamwambia paka hakuwa na kosa. Mama akatikisa kichwa polepole, akasema maskini yule mnyama, alikwenda akigeuka nyuma. Hakunitazama. Afadhali angenipiga kwa ule mkongojo.

Mama mdogo alirudi hadi kwenye mstari wa mbele wa viti, akakaa. Alikuwa analia tena, lakini hiki kilikuwa kilio kingine, cha chini, kisicho na maneno. Kisha akatuambia jambo ambalo hata leo nikilikumbuka cherehani inasimama. Siku ile wakirudi Iguhu, mumewe alimwambia aachane na hasira. Alisema imondo imeliwa na yule binti wa jikoni, alimwona akileta maji ya kunawa, midomo inang'aa mafuta. Alisema binti alikuwa na njaa, na alikuwa amepika vizuri, na yeye mkewe anywe maji yaishe. Mama mdogo akamjibu kwamba anatutetea bure kwa sababu ya unyonge wake. Alimwambia hivyo mwaka hadi mwaka, mpaka akafa.

"Alijua," akasema. "Mwenye haki yake alikusamehe njiani kabla hatujafika nyumbani. Mimi ndiye nilikataa."

Nilipiga magoti pale kwenye majani, mwanamke wa miaka yangu, nikamwomba radhi yeye, nikamwomba mama. Mama akanisonya mara moja, msonyo mrefu wa zamani, ule wa kuniambia kwamba mimi bado ni mtoto wake. Kisha akamwambia ndugu yake kwamba amelia vizuri ila ule mto haukufurika, ulikuwa umejaa tu. Mama mdogo akasema ulifurika. Wakaanza kubishana kuhusu mto, nami nikajua tumepona. Majirani walianza kufika na unga na sukari, wakaambiwa marehemu anachambua maharagwe, wakaketi. Viti havikutosha. Tulipika chai kwa sukari ya matanga yetu, na mama akataka kila mmoja amwambie angesema nini kaburini.

Kesho yake jumuiya ilipokuja, mama mdogo alikuwa amelala pale pale, na alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Katekista akasema mishumaa ina mpangilio wake, hivyo wa pili utautangulia wa tatu. Mama akawasha Tumaini. Kiberiti cha Amani walikishika wawili, mikono miwili ya mishipa, na kikazimika mara mbili kwa sababu kila mmoja alimwambia mwenzake hajui kuwasha. Cha tatu kikashika. Kisha ule wa waridi. Watu waliimba hadi mabati yakajibu, na mama, ambaye miezi mitano hakusimama bila mkongojo, alisimama akayumbisha mabega. Nilikuwa nimeshona nguo za altare miaka kumi na minane nikisikia kwamba waridi ni rangi ya furaha. Siku hiyo niliiona.

Hadi Krismasi shada letu lilikuwa na mishumaa miwili ya kimo kimoja, Amani na Furaha, na waliotutembelea walidhani nimekosea. Niliwaambia ndiyo, nimekosea, na sikuongeza neno. Ni mara ya kwanza mdomo wangu kupata breki.

Siku ya Krismasi mama mdogo alitoka Iguhu na jogoo wake kwapani. Alimchinja mwenyewe, akampika mwenyewe, na mimi nilipigwa marufuku kukanyaga jikoni. Nilikaa sebuleni na wanaume kama mgeni, mikono haijui iende wapi. Mshumaa mweupe ulikuwa unawaka katikati ya rimu ya baba, mingine minne imeuzunguka. Bakuli likaletwa, likafunuliwa. Imondo ilikuwa juu kabisa, nzima, inameremeta. Kaka yangu mkubwa, ambaye sasa ndiye mwenye mji, akajiweka sawa kitini, maana ilikuwa haki yake na kila mtu alijua.

Mama mdogo akaichukua kwa kijiko. Akampita kaka. Akaja hadi nilipokaa, akaiweka kwenye sahani yangu, akabaki amesimama juu yangu, mkono kiunoni. Mama alikuwa ananitazama kutoka upande wa pili wa mishumaa.

"Kula," mama mdogo akasema. "Leo kula mbele ya watu, kisha utuambie kama chumvi imetosha."

Nikaila yote, polepole, machozi yakinichuruzika hadi kidevuni, na nyumba nzima ikingoja. Nikawaambia imetosha.